Chuo Kinapokuelemea: Msongo wa Mawazo, Ustahimilivu na Mahali pa Kupata Msaada

Kijitabu hiki ni cha mwanachuo wa Tanzania, hasa yule ambaye ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Kisome ukipata nafasi, au kisome usiku huu kama usingizi umekataa kuja.

Msongo unatoka wapi

Mwili hautofautishi sana kati ya nyoka aliyekatiza njia na ratiba ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, iliyobandikwa ubaoni. Kote kuwili ubongo huona hatari, adrenalini na kotisoli humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio na misuli hukaza. Kwa muda mfupi hali hiyo ina faida, maana ndiyo inayokutoa kitandani ikakupeleka kwenye kimbweta cha kusomea siku mbili kabla ya testi. Kasoro huanza hatari isipokwisha. Nyoka hupita akaenda zake, ada haipiti. Msongo ukidumu wiki hadi wiki, usingizi hukatika, chakula hakipandi, na kumbukumbu unayoitegemea kwenye chumba cha mtihani hufifia.

Na mambo ya kumweka mwanachuo katika hali hiyo si haba. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, lakini haiji kila siku. Huja kwa mkupuo, ndiyo wanachuo wanaiita bumu, na bumu likichelewa njaa haichelewi. Likiingia, wapo wanaoligawa siku hiyohiyo: deni la mama ntilie, kodi ya geto, na kiasi cha kumtumia mdogo wao aliye kidato cha nne. Wapo waliokosa chumba, wanaobebwa na mwenzao kwenye kitanda cha mtu mmoja. Jioni mama anapiga simu.

"Mwanangu, masomo yanaendaje?"

"Namshukuru Mungu mama, yanaenda vizuri."

Simu inakatwa. Kwenye kioo cha simu matokeo bado yako wazi: sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia.

Tatizo lenye ofisi yake

Sehemu kubwa ya msongo wa mwanachuo si ugonjwa, na tunalisema hili waziwazi kwa sababu vijitabu vingi hukimbilia kukufundisha kuvuta pumzi. Pumzi ni nzuri, ila hailipi ada. Bumu ambalo halijaingia lina ofisa mikopo hapo chuoni. Alama isiyoonekana ina mhadhiri na mkuu wa idara. Kuugua wakati wa mitihani nako kuna utaratibu: kanuni za vyuo vingi zinaruhusu kuomba mtihani maalumu au kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, na maradhi ya akili ni maradhi kama mengine, mradi maombi yapelekwe mapema yakiwa na barua ya daktari. Ukiahirisha, iarifu na Bodi. Anayeacha kwenda kwenye mtihani kisha akanyamaza huweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa jambo ambalo barua moja ingelimaliza.

Kustahimili si kunyamaza

Tumelelewa kumsifu anayevumilia bila kusema, na mtoto wa kiume huambiwa halii. Hilo tunaliona ni kosa. Ustahimilivu ni uwezo wa kuelemewa kisha ukasimama tena, na aghalabu mtu husimama kwa kushikwa mkono.

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani jijini Harare kukaa na watu waliolemewa na mawazo, kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za sonona (depression) kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanachofanya bibi hao hakina uchawi. Wanakusikiliza mpaka umwage yote, wanakuomba uchague tatizo moja tu, mnatafuta hatua ndogo ya kulianza, na unarudi kueleza ilivyokwenda.

Kimbweta chochote kinafaa kwa kazi hiyo. Mwenye sapu tatu asipange "kusoma kwa bidii". Huo si mpango. Achague somo moja, kufikia Ijumaa awe na madesa yake na mtu wa kusoma naye, kisha Jumamosi amweleze rafiki yake kama alifanya.

Usiku wa kuamkia mtihani, lala. Ubongo hupanga uliyoyasoma wakati umelala, hivyo anayepiga msuli hadi alfajiri kwa vinywaji vya kuongeza nguvu hujinyima mwenyewe.

Inapokuwa zaidi ya msongo

Kipimo chepesi ni wiki mbili. Ikiwa kwa wiki mbili, karibu kila siku, una huzuni au umekosa raha hata kwa yale uliyoyapenda, hulali au unalala kutwa, umekata tamaa, huoni thamani yako, huenda ni sonona. Huku kwetu mara nyingi huanzia mwilini: kichwa, tumbo, mwili kuchoka. Mtu anapimwa malaria, anapimwa taifodi, vipimo vinatoka safi, anarudishwa na dawa za maumivu. Ukifika dispensari, mwambie daktari na habari za usingizi na mawazo. Asipoambiwa hawezi kubuni.

Sonona inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, hivyo usiziache siku ya nne. Anayekuombea aendelee kukuombea. Wa kuepukwa ni yule anayekuzuia kwenda hospitali. Na anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii apelekwe siku hiyohiyo.

Anzia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambako unaweza kuelekezwa kwa mnasihi, au kituo cha afya cha chuo. Zaidi ya hapo kuna hospitali za rufaa za mikoa, Muhimbili kwa Dar es Salaam, Mirembe kwa Dodoma, na Kidongo Chekundu kwa Unguja.

Mwenzako akisema amechoka kuishi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Kwa hiyo neno lake usilichukulie kama utani. Muulize kwa utulivu: "Siku hizi huli, na jana hukutoka kabisa. Umewahi kuwaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wengi hupumua kwa kuulizwa. Usimhubirie, usimwambie wapo wenye shida kuliko yeye. Ondoa dawa na sumu zilizo karibu, usimwache peke yake, mpeleke hospitali usiku huohuo. Akiwa katika hatari na huna usafiri, piga 112.

Kabla hujafunga kijitabu hiki, ihifadhi kwenye simu yako namba ya mnasihi wa chuo chako, na umtumie anayelala chumba kimoja nawe. Kama unamhitaji wewe mwenyewe, mpigie kabla ya wiki ya UE.