Mshale Kabla ya Dagaa

Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja ukashika Mtaa wa Uhuru kuingia Kariakoo, mizani za kuning'inia zenye uso wa mviringo hazitakupiga chenga. Wateja wengi huangalia mshale unapofika. Muhimu zaidi ni pale unapoanzia.

Kabla muuzaji hajaweka dagaa, tazama sahani ikiwa tupu: mshale usimame juu ya sifuri. Ukiwa umeshasogea gramu 100, hizo utazilipia bila kuzipata. Tena kosa hili halikui na mzigo. Mnunuzi wa kilo 10 anapoteza sehemu moja ya mia. Wa nusu kilo anapoteza sehemu moja ya tano. Anayeumia ni mwenye pesa kidogo. Mizani nyingi zina skrubu ya kurudisha mshale, kwa hiyo sema tu, "Kaka, mshale haujaanza sifuri." Pengine si wizi, ni magamba yaliyogandia sahani. Ukija na ndoo yako, ipimwe kwanza tupu.

Kisha hesabu nafasi zilizopo kati ya 1 na 2. Zikiwa 10, kila moja ni gramu 100. Zikiwa 20, ni gramu 50. Simama uso kwa uso na mizani, kwani ukiitazama kwa ubavu mshale huonekana umeangukia mstari mwingine. Subiri utulie. Anayetupia mzigo kwa kishindo na kuuondoa mshale ukingali unacheza hajapima, hata ataje namba kwa sauti kubwa kiasi gani.

Springi iliyochoka ni ngumu kuigundua, maana sifuri yake inaweza kuwa sawa kabisa na kosa likaongezeka kadiri mzigo unavyozidi. Ijaribu kwa chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Maji yenyewe ni kilo 1.5, plastiki inaongeza gramu chache tu. Mshale ukivuka 1.6, aga kwa heshima ukanunue kwenye meza ya pili.

Tazama pia kama stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka huu, kwani mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Ila stika ya Januari haimzuii mtu kuzungusha skrubu mwezi wa sita, kwa hiyo sifuri iangalie hata ukiiona stika.