Watoto, Vigae na Macho: Somo la Likizo

Shule zimefungwa, sanduku lako liko chini ya kitanda, na tayari mama amekwambia lile neno: "Kaa na hawa watoto." Siku ya kwanza mnacheza kati. Siku ya pili mnatazama televisheni mpaka kichwa kinauma. Siku ya tatu wanapigana. Sasa ufanye nini?

Mimi nilipoachiwa watoto wawili wa dada yangu likizo ya Aprili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa miaka saba, niliwapeleka kwenye karakana ya mozaiki. Ilikuwa siku nzuri sana. Wiki moja baadaye, nyumbani, nusura yule mvulana apoteze jicho, na kosa lilikuwa langu. Nitakusimulia yote mawili, maana likizo ijayo huenda ni wewe utakayewashika watoto mkono.

Mozaiki ni nini?

Ni picha au nakshi inayotengenezwa kwa kupanga vipande vidogo vya vigae, vioo, mawe au hata vikombe vilivyovunjika, kisha kuvibandika juu ya ukuta, meza au chungu. Mianya inayobaki kati ya vipande hujazwa saruji laini. Sanaa hii ni ya kale. Katika mji wa Ravenna, Italia, kuna kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu mwaka 547, na picha zake za vipande vya kioo zingali zinang'aa. Pwani yetu nayo ina jamaa wa karibu wa sanaa hiyo: makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, zikapachikwa ndani ya chokaa. Na kama unakaa karibu na Nairobi, huenda umesikia juu ya Kitengela Glass, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mahali palipoanzishwa na msanii Nani Croze. Huko viti na kuta zimefunikwa kwa vioo vya rangi, na vioo vilivyokwisha kutumika huyeyushwa vikawa vyombo vipya.

Sasa angalia jambo moja. Ravenna, Kunduchi, Kitengela, kote kuna vitu viwili: kitu kinachokata, na chokaa au saruji inayoshika. Sote tunaogopa kile kinachokata. Kile kinachoshika tunakichezea kwa mikono mitupu.

Siku ya karakana

Karakana tuliyokwenda ni ndogo, chumba kimoja na ua. Fundi alitupokea mlangoni na jambo la kwanza alilofanya ni kutazama miguu yetu. Mpwa wangu wa kike alikuwa amevaa ndara. "Wewe utaanzia kwenye viatu," alimwambia, akampa raba za zamani zilizokuwa pembeni. Kisha akamfunga nywele nyuma, na kila mmoja akapewa miwani ya kukinga macho, hata mimi niliyekuja kutazama tu. Mvulana alifurahi kama amepewa miwani ya rubani.

Watoto hawakukata kitu chochote. Fundi ndiye aliyekata, kwa koleo maalumu, huku ameielekeza mikono yake ndani ya kisanduku ili chembe zisiruke. Vigae vikubwa alivitia ndani ya gunia, akafunga mdomo wa gunia, ndipo akapiga nyundo. Kila kipande chenye ncha alikisugua kwenye jiwe la kunolea lililolowa maji, akakipitisha kidole, akakiweka kwenye sinia la watoto. Kazi ya watoto ilikuwa kuchagua rangi, kupanga na kubandika kwa gundi nyeupe. Usidhani hiyo ni kazi ndogo! Yule mvulana, ambaye nyumbani hakai dakika tano, alitumia saa nzima kutafuta kipande cha manjano cha jicho la samaki wake. Alikipata, akakikataa, akatafuta kingine.

Nilimwuliza fundi kwa nini anamwagia sakafu maji kabla ya kufagia. Akasema ni kwa sababu ya vumbi. Vumbi linalotoka unapokata kigae au kukoroga mchanga na saruji lina chembe za silika, nyingine ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho, nazo huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Anayelivuta kwa miaka mingi anaweza kupata silikosisi, ugonjwa wa kukakamaa kwa mapafu ambao hauna dawa ya kuuponya. Mtoto anayekuja alasiri moja hawezi kuugua hivyo. Fundi anayekata kila siku anaweza, na alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa akikata na kufagia kwa maji.

Wakati wa chai hatukuruhusiwa kula pale mezani. Tulinawa kwa sabuni, tukatoka uani. Hapa ongeza maarifa kidogo: rangi inayong'aa juu ya vigae na vyombo vya zamani wakati mwingine ina madini ya risasi. Risasi ikiingia tumboni kidogo kidogo kupitia vidole hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kunawa tu kunapunguza hatari hiyo sana. Na kama una mdogo wa chini ya miaka mitatu, mwache nyumbani na mtu mzima. Kila kitu kwake ni chakula, na kipande kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo.

Siku ya nyumbani

Basi tulirudi na samaki wawili wa vigae, tukawatundika sebuleni. Jumamosi iliyofuata watoto wakataka kutengeneza chungu cha maua kwa ajili ya nyanya yao. Vikombe vilivyovunjika vilikuwepo. Saruji iliyobaki kwenye ukarabati wa choo ilikuwepo, nusu mfuko. Miwani haikuwepo, na mimi, ninayezunguka shuleni kuwafundisha wenzako usalama, nikasema, "Ah, ni chungu tu."

Nilikuwa nakoroga saruji kwenye karai kwa mkono. Mvulana alikuwa amechuchumaa karibu, mikono yake yote miwili imejaa uji ule wa kijivu. Nzi akamtua usoni. Akajipangusa.

Hakupiga kelele mara moja. Alisema tu, "Anti, jicho langu linawasha." Halafu akaanza kulifikicha kwa mkono ule ule, na hapo ndipo kelele zilipoanza.

Nyanya yake alitoka jikoni mbio. Alipoona, akaagiza aitwe jirani mmoja anayenyonyesha aje amkamulie maziwa jichoni. Jirani mwingine akasema nimpulizie. Mwingine eti sukari na maji. Unajua ilivyo vigumu kumkatalia mama yako mbele ya majirani? Nilimwambia, "Mama, samahani, nisaidie kumshika kichwa. Tumwoshe kwanza, hayo mengine utaniambia baadaye." Alininyamazia, lakini alimshika.

Tulimlaza kando ya mfereji, upande wa jicho lililoumia ukiwa chini, ili maji machafu yasiingie lile zima. Nikanawa mikono yangu haraka, nikafungua kope zake kwa vidole, nikamwaga maji safi kwa jagi, polepole, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Alilia, alipiga mateke, akaniita majina. Niliendelea. Dada yake alishika saa. Dakika 20, msomaji, ni ndefu kama misa ya Krismasi ukiwa umemshika mtoto anayelia. Mfereji ulipoanza kudondoka matone tulitumia maji ya mtungi wa kunywa. Kisha tukampeleka hospitali, na njiani nikaendelea kumwagia kwa chupa. Abiria wa matatu walilowa, wakatuvumilia.

Kwa nini haraka hivyo?

Unakumbuka somo la asidi na besi? Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14, na maji safi huwa 7. Saruji iliyolowa hufika 12 au 13. Ni besi kali. Watu wengi hudhani asidi ndiyo mbaya zaidi, lakini jichoni mara nyingi ni kinyume. Asidi ikigusa jicho hugandisha nyama ya juu, na ule ugandaji hujenga ukuta unaoizuia kuzama. Besi huyeyusha mafuta yaliyomo kwenye chembe za mwili na kuendelea kupenya ndani. Inachoma konea, yaani ule utando wa mbele unaopitisha mwanga, na konea ikiungua sana huwa nyeupe kama kioo cha bafuni. Chokaa hufanya vile vile. Maji ndiyo yanayosimamisha moto huo, na kila dakika unayopoteza kumtafuta jirani anayenyonyesha ni dakika ya kuungua. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto mchanga, hilo hatubishani. Kwenye jicho lililoungua ni kuchelewa tu na kuongeza vijidudu.

Hospitalini walimwosha tena, wakageuza kope na kutoa punje mbili za mchanga, wakapaka rangi maalumu na kumulika kwa taa. Konea ilikuwa imechubuka sehemu ndogo. Alipewa dawa ya kutia jichoni, tukarudi siku mbili baadaye, na sasa anaona vizuri. Daktari aliuliza ni nani aliyemwosha nyumbani. Mama akanyoosha kidole kwangu bila kusema neno. Usinunue dawa ya macho dukani kwa kubahatisha! Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuliharibu zaidi jicho lenye kidonda.

Lakini shika tofauti hii, maana usipoijua unaweza kudhuru. Saruji, chokaa, gundi au vumbi likiingia jichoni, osha papo hapo. Kama ni kipande cha kioo au kigae kilichochoma jicho na kukwama, usikitoe, usimwagie maji kwa nguvu, usikandamize. Chukua kikombe safi cha karatasi, kifunike juu ya jicho bila kuligusa, kishikize kwa plasta, mwambie mtoto atulie na asifikiche, umkimbize hospitali. Usimpe chakula wala kinywaji njiani, kwani huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji.

Mkono ukikatwa ni rahisi zaidi. Kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. (Kila mtu huchungulia! Ukichungulia damu inaanza upya.) Damu ikikoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kipande kikubwa kikiwa kimezama, kiache humo, ukandamize kandokando yake na umpeleke akatibiwe. Kule kliniki uliza juu ya chanjo ya pepopunda. Nchini Kenya mtoto huchanjwa akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hilo linakuhusu wewe pia, si wadogo tu.

Mikono yangu je? Siku ile sikuhisi kitu. Asubuhi yake ngozi ya vidole ilikuwa imekauka, imepasuka, inawaka kama nimekata pilipili. Saruji ni mjanja: haiumi mwanzoni, na unaweza kuipigia magoti saa nzima kabla ya kugundua kuwa magoti yameungua. Tena saruji nyingi zina kromiamu, ambayo humfanya mtu mwingine apate mzio wa ngozi usiokwisha, hata akalazimika kuacha ufundi. Glavu za mpira zingenitosha. Kama huna glavu wala miwani, tumia gundi nyeupe peke yake na uache kabisa kujaza mianya kwa saruji. Chungu kitapendeza hivyo hivyo.

Usinielewe vibaya, sijaacha kuwapeleka. Chungu cha nyanya bado kiko uani, nusu kina nakshi, nusu ni kitupu, na mvulana ameniambia tutakimaliza Agosti. Nimenunua miwani mitatu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama amesema na yeye anataka wa kwake, maana hawezi kusimama karibu nasi bila hiyo. Kwa hiyo itakuwa minne.

Kwa klabu yenu ya afya

Someni hadithi hii kwa sauti, kisha mjadili: ni makosa mangapi niliyoyafanya kabla ya nzi kutua? Wawili waigize, mmoja awe anti na mwingine nyanya anayetaka maziwa yaletwe: utamwambiaje mkubwa wako hapana bila kumvunjia heshima, na bila kupoteza hata dakika moja? Halafu nendeni mahali popote karibu na shule ambapo fundi anakata vigae au anapiga plasta, mmwulize kwa adabu anakinga macho na mapafu yake kwa kitu gani. Mtuandikie alivyojibu.