Chuo na Farasi: Kijitabu cha Mashauri kwa Kijana na Jamaa Zake wa Nkubu

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kijana aliyemaliza kidato cha 4, akapata katika mtihani wa KCSE alama za kumwingiza chuoni, ilhali moyo wake umeshikwa na farasi. Kadhalika kimeandikwa kwa ajili ya jamaa zake wa Nkubu na vijiji vya Imenti Kusini, watakaompokea Ijumaa jioni atokapo njia ya Embu na Chuka, na kukaa naye hadi Jumapili alasiri. Siku hizo aghalabu hupita kwa mukimo, chai, ibada na salamu za nyumba hadi nyumba, na lile jambo lililomleta husemwa akiwa amekwisha kufunga mkoba, tena husemwa kwa haraka na kujibiwa kwa haraka zaidi. Muradi wetu ni kulipa jambo hilo nafasi yake.

Hoja ya wazee, na asili yake

Kijana ataambiwa na mjomba wake kwamba farasi ni mambo ya Wazungu, na kwamba katika ukoo mzima hakuna aliyepata kula kwa jasho la farasi. Asiidharau hoja hii, maana ina asili yake. Kilichomzuia farasi asienee katika bara letu tangu zamani ni maradhi: nagana, iletwayo na mbung'o wa nyanda za chini, na tauni ya farasi ya Afrika, ienezwayo na visubi warukao magharibi na usiku, ambayo farasi asiyechanjwa ni nadra kuiokoka. Walowezi walipowaleta farasi katika nyanda za juu, wakaunda chama chao cha mbio mwaka wa 1904 na kuanzisha mbio za Derby mwaka wa 1914, Mwafrika aliruhusiwa kulikaribia banda kwa mlango mmoja tu, nao ni wa saisi, mtumishi amlishaye farasi na kumsugua, asiyempanda ila kwa amri.

Hata hivyo mjomba akumbushwe kwa adabu kwamba watu wa pwani yetu walimjua farasi kabla ya reli na kabla ya walowezi. Sayyid Said wa Unguja, alipoituma merikebu yake Sultana hadi New York mwaka wa 1840, alitia ndani yake farasi wawili wa Kiarabu kuwa hedaya kwa Rais wa Marekani. Na leo, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka wa 1954, wamo vijana wa Kiafrika wengi wanaopanda katika mbio za Jumapili, ambao wazazi wao hawakumiliki hata punda.

Wako watakaomtaja Beryl Markham, yule aliyekulia Njoro, akapewa leseni ya kufunza farasi wa mbio angali kijana mno, kisha mwaka wa 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege. Naye, watasema, hakusoma chuo. Ni kweli, lakini baba yake alikuwa mfunzaji wa farasi, na banda la baba ndilo lililokuwa madrasa yake tangu utotoni. Kijana wa Nkubu, ambaye nyumbani kwao ni chai, kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, hana urithi huo, na kwa hiyo hana budi kutafuta mlango mwingine.

Ni kazi ipi ya farasi?

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Swali la "chuo au farasi" halijibiki, kwa sababu kazi za farasi ni nyingi, na katika baadhi yake chuo ndicho njia yenyewe ya kumfikia farasi, hali katika nyingine chuo chaweza kungoja.

Anayetaka kuwa mpandaji wa mbio ajue kwamba mwili hutoa hukumu kabla ya moyo. Mpandaji hupimwa pamoja na seruji yake, na mtu wa kilo sabini hana nafasi, hata awe shujaa namna gani. Huanza kwa usaisi na mazoezi ya asubuhi chini ya mfunzaji, na hawezi kushindana bila leseni ya Jockey Club of Kenya. Kwa kijana mwepesi wa umbo, aliyekwisha kujaribiwa na mfunzaji na kuonekana ana mikono mitulivu juu ya hatamu, hii ni kazi ya ujana, na twaona ni halali kwake kukiahirisha chuo kwa mwaka mmoja akajijaribu. Lakini ajue pia kwamba uwanja wa mbio umezungukwa na kamari, na mshahara unaorudi dirishani kwa wapokea dau ni mshahara uliopotea.

Anayetaka kuwatibu farasi njia yake ni ndefu na imenyooka: shahada ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, yachukua miaka 5, na baada yake usajili wa Kenya Veterinary Board. Ambaye alama zake hazikufika huko aangalie chuo cha afya ya mifugo cha Ndomba, Kirinyaga, kisicho mbali na Embu, ambako hufundishwa wasaidizi wa matabibu wa mifugo. Huyu naye atamfikia farasi, tena siku asipopata farasi atapata ng'ombe na mbuzi wa Meru nzima wakimngojea. Nasi kwa maoni yetu, kwa walio wengi, hii ndiyo njia bora kuliko zote zilizotajwa humu. Wale wanaopenda kuongoza wageni kwa farasi katika hifadhi kama Lewa, upande wa kaskazini wa kaunti yetu, watahitaji elimu ya wanyamapori, huduma ya kwanza na lugha.

Amjue farasi wa kila siku

Kijana asifanye uamuzi wowote kabla hajakaa bandani juma moja, akifanya kazi bila kupanda. Wengi wamependa farasi kwa kumwona akikimbia, na kukimbia ni sehemu ndogo mno ya maisha yake. Saisi huamka kabla ya alfajiri, akaondoa mavi na majani yaliyolowa, akapima maji yaliyonywewa usiku, maana farasi mzima hunywa lita 25 na zaidi kwa siku, na ndoo iliyobaki imejaa ni habari mbaya. Kisha huja kwato. Husimama ubavuni mwa farasi akiwa ameelekea mkiani, akateremsha mkono taratibu toka begani hadi kifundoni, akaegemea kidogo ili mnyama auhamishe uzito, na mguu ukiinuka akaupokea kiganjani. Kwa chuma kilichopinda huchokoa udongo toka kisiginoni kuelekea mbele, akiichunga ile nyama laini ya pembetatu iliyo katikati, na hunusa. Harufu ya uozo humwambia jambo ambalo jicho halijaliona. Miguu yote minne, kila siku, mvua isimame au inyeshe.

Tena ajifunze kuogopa maumivu ya tumbo. Farasi hawezi kutapika, na kilichomdhuru hubaki ndani. Akianza kugaagaa, kujitazama ubavuni na kukataa chakula, tabibu wa mifugo huitwa saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kijana ambaye juma hilo halikumchosha moyo, huyo ana azma ya kweli, na jamaa wake wasimwite mchezaji.

Namna ya kusema Nkubu

Jambo lisemwe Jumamosi asubuhi, kazi za nyumbani zikiisha, na lianze kwa mkubwa wa nyumba. Kijana asiombe ruhusa wala asitangaze uamuzi, aombe maarifa. "Nyanya, nimekuja kuomba shauri kabla sijajaza fomu," ni mwanzo unaotosha, na nyanya akijibu, "Kaa chini mjukuu wangu, unieleze huyo farasi atakulisha namna gani," asikasirike, kwa kuwa ndilo swali lenyewe. Shangazi akikitaja chuo cha uuguzi cha Hospitali ya Consolata, kilicho hapo hapo Nkubu, kwa sababu binti wa jirani amesomea huko na sasa ana mshahara, asikilizwe hadi mwisho. Anachokisema ni hofu ya karo kupotea, na hofu hiyo hujibiwa kwa hesabu. Basi kijana awe na karatasi yenye karo ya mwaka, nauli, malazi, na kiasi anachotarajia kupata kwa mkopo wa HELB, ambao hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi, si wa vyuo vikuu peke yao.

Wazazi na wajomba, kwa upande wenu, msiseme kwamba mtoto ameharibika. Mwulizeni ni kazi ipi ya farasi anayoikusudia, nani amempima, na baada ya mwaka mmoja atatambuaje kwamba amefaulu au ameshindwa. Asipoweza kujibu, mpeni muda. Akijibu kwa ufasaha, mmoja wenu afuatane naye hadi bandani akaone kwa macho.

Iwapo mtakubaliana kwamba chuo kingoje, barua ya kuomba kuahirisha iandikwe kwa chuo kilichompa nafasi kabla ya siku ya kuripoti, na nakala yake ihifadhiwe nyumbani. Nafasi iliyotolewa kupitia KUCCPS isiachwe kimya kimya. Kabla hajamgusa farasi kwa ujira, ajisajili na SHA kwa bima ya afya, avae kofia ngumu kila apandapo, na adai mkataba wa maandishi, ambao sheria ya ajira ya mwaka 2007 huutaka kwa kazi ya miezi 3 na zaidi. Sheria nyingine ya mwaka huo huo humlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi bima ya ajali za kazini. Mjomba aombe kuiona hati ya bima hiyo siku ya kumpeleka, na asipoonyeshwa, arudi naye.