Muulize Anayelala Pembeni Yako

Usiku wa Katuba, hapa Lubumbashi, hauna kimya. Upande huu kuna mkesha wa maombi, upande ule baa imefungulia muziki, mbwa wanajibizana, na kabla ya alfajiri kuran, yaani umeme, inarudi: redio iliyosahaulika inaanza kuimba yenyewe katikati ya nyumba. Asubuhi mtu akisema hakulala, wenzake wanaitikia kwamba nao hawakulala, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naona yangeanzia hapo. Kuna usingizi unaofukuzwa na kelele, na kuna usingizi unaoharibikia ndani ya mwili wenyewe hata mtaa ukinyamaza. Huo wa pili una dalili zake, na nyingi kati ya hizo mwenye kulala hazioni.

1. Tafuta shahidi

Swali la kwanza si "nalala saa ngapi?" bali "nikishalala, nafanya nini?" Jibu analo mwingine. Nyumba zetu zimejaa, watoto watatu kwenye godoro moja, na kwa jambo hili msongamano unatusaidia. Muulize mkeo, mumeo, mdogo wako, au nkambo, bibi au babu, ambaye usingizi wake ni mwepesi: nakoroma? Nakata pumzi? Napiga mateke, nasaga meno, nasimama? Ikiwezekana akurekodi kwa simu, dakika mbili tu. Daktari atajifunza mengi kwenye video hiyo kuliko kwenye maelezo yako ya nusu saa.

2. Sikiliza kimya kinachofuata mkoromo

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, dereva wa taksi, alikoroma miaka mingi kama mashine ya kusaga mahindi, nasi tulikuwa tunacheka. Mke wake ndiye aliyeacha kucheka. Usiku mmoja alikaa kitandani akamsikiliza: mkoromo unapanda, unapanda, unakatika ghafla. Kimya. Akahesabu hadi kumi na nane. Ndipo yaya akashtuka kama mtu aliyetolewa majini, akavuta hewa kwa nguvu, akageuka, akaanza upya. Asubuhi hakukumbuka lolote. Alijua tu kwamba kichwa kinamuuma, na kwamba mchana akisimama kungoja abiria kidevu kinaanguka kifuani.

Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa watu wengine njia ya hewa inaziba kabisa, sekunde kumi au zaidi, tena na tena usiku kucha. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unamshtua mtu kiasi cha kuvuta pumzi tu, si kiasi cha kukumbuka. Presha inapanda, moyo unachoka. Kwa hiyo anayekoroma, akaamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, akasinzia mchana, na presha yake haishuki hata akimeza dawa, aende hospitali. Wakati anangoja vipimo, alale ubavu, aache pombe ya jioni, apunguze uzito ikiwa umezidi. Na asishike usukani na usingizi wake.

Mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi naye apelekwe. Mara nyingi ni mafindofindo yaliyokua mno, na daktari wa masikio, pua na koo anajua la kufanya.

3. Mbabula ilale nje

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inauma kweli. Mbabula, jiko la makaa, inaingizwa chumbani na makala yake mekundu, mlango unafungwa. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye makala yale haionekani, haina harufu, na inaua watu usingizini. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, msitafute dawa ya usingizi. Tokeni nje mara moja, kisha hospitali.

4. Hesabu usiku wako mbaya

Usiku mbaya mmoja mmoja ni wa kila mtu: kodi ya nyumba, mitihani ya serikali ya mtoto, kilio ambako wanaume wamelala nje kuzunguka moto siku tatu. Huo hupita. Madaktari huhesabu kwamba kukosa usingizi kumekuwa sugu pale kunapotokea angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, na mchana wako ukaharibika kwa ajili yake.

Tiba ya kwanza ni mazoea. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama usingizi ulikuja saa tisa usiku. Usiingie kitandani kabla hujasikia usingizi. Ukigeukageuka kama dakika ishirini, toka. Utaenda wapi katika nyumba ya chumba kimoja? Kaa kwenye kigoda karibu na mlango, gizani, simu umeizima, mpaka kope ziwe nzito. Najua inafanana na adhabu. Lakini kitanda ambacho mtu anakilalia macho wazi kila usiku kinauzoesha ubongo kukesha, na kuuzoesha kulala tena kunachukua wiki kadhaa. Wengi hukata tamaa siku ya nne. Vumilia.

5. Maji ya saa nane usiku

Bomba likitoa maji usiku tu, kuna mtu mmoja wa nyumba anayeamka kujaza madumu, na kwa kawaida ni mama au binti mkubwa. Akisinzia mchana, msimwite mvivu. Gawaneni zamu, na siku ya zamu yake apewe nusu saa ya kulala kabla ya saa tisa alasiri. Anayefanya kazi ya usiku mgodini vilevile: avae kofia ya kumkinga na jua njiani kurudi nyumbani, atundike blanketi zito dirishani, na watoto waambiwe kwamba baba akilala mchana, huo ndio usiku wake.

6. Usingizi wa jicho moja

Kartie, mtaa wetu, ikipata habari ya wezi wenye silaha, tunalala tukisikiliza bati. Paka akipita juu, moyo unaruka. Mwili ulio kwenye ulinzi haushuki katika usingizi mzito, na kumwambia mtu "tulia tu" hakumsaidii hata kidogo. Kinachosaidia ni zamu: mmoja akeshe mpaka saa nane, mwingine ampokee, na aliyeruhusiwa kulala alale kweli akijua kuna sikio linalomlinda.

Aliyevamiwa kweli ni habari nyingine. Kama mwezi umepita na tukio linamrudia ndotoni, anaogopa hata kufumba macho, huyo ana jeraha, na jeraha hilo linatibika. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain cha magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu, kinachoendeshwa na mabradha wa Frères de la Charité. Kuvuka mlango ule hakumfanyi mtu kuwa kichaa.

7. Lutuku, kahawa na vidonge vya barabarani

Lutuku, pombe kali ya kienyeji, inakulaza haraka, kisha inakuamsha saa nane na kiu na moyo unaodunda. Kahawa ya saa kumi jioni, nusu yake bado iko mwilini saa tano baadaye. Kinachoniumiza zaidi ni diazepamu inayonunuliwa kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya daktari. Wiki chache tu, mwili unaizoea na kudai zaidi. Ikichanganywa na pombe inaweza kukata pumzi. Kama umeshaimeza muda mrefu, usiiache kwa siku moja, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Daktari anaipunguza kidogo kidogo.

8. Kabla hujasema mulozi

Mtu anaamka hawezi kusogeza hata kidole, kifua kimebanwa, kivuli kimesimama mlangoni. Huku kwetu husemwa mulozi, yaani mchawi, amemkalia; watu wa pwani husema jinamizi. Tunapoota, ubongo hufunga misuli ili tusiitende ndoto. Wakati mwingine macho hufunguka kabla kufuli hilo halijafunguka. Hupita kwa sekunde au dakika chache, na humjia zaidi aliyechoka, anayelala saa za ovyo, anayelala chali. Sala yako sali, mimi pia nasali. Kisha lala ubavu na panga upya saa zako. Ila ikija mara kwa mara, na mchana usingizi unakuangusha ghafla katikati ya mazungumzo, au ukicheka magoti yanalegea, mwambie daktari yote mawili.

Juu ya watoto nina neno zito. Mtoto anayetembea usingizini, anayepiga kelele macho wazi bila kumtambua mama yake, anayekojoa kitandani: haya hutokea kwa watoto wengi, hufuatana katika ukoo, na wengi huyaacha wenyewe wakikua. Lakini nchini mwetu wapo watoto wanaolala barabarani kwa sababu ya mambo ya namna hii, wameitwa walozi na kufukuzwa na watu waliowazaa. Sheria ya Congo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Anayetembea usingizini mshike taratibu, mrudishe kitandani, funga mlango wa nje, ficha visu. Asubuhi usimsimange.

Angalia tofauti hizi tu. Mwili ukikakamaa, mikono ikitetemeka, ulimi ukaumwa na damu ikabaki kwenye mto, huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, huku ana kiu kali na anakonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Na mwenye sikoseli hukojoa zaidi usiku kwa sababu figo zake zinashindwa kubana mkojo. Fimbo haitibu figo.

9. Malale ni ugonjwa wake peke yake

Nduguyo akija kutoka vijiji vya mito na mapori yenye mbung'o, akawa na homa zinazorudi, tezi za shingo zimevimba, tabia imebadilika, anasinzia mchana na kukesha usiku, mtaje mbung'o mbele ya daktari, maana mjini si jambo la kwanza litakalomjia. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa malale wanaoripotiwa duniani wako Congo, ingawa idadi yao imeshuka sana. Matibabu nayo yamebadilika: mwishoni mwa 2018 iliidhinishwa fexinidazole, iliyojaribiwa hasa hapa nchini, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula. Kwa wagonjwa wengi imechukua nafasi ya chupa na sindano za mshipani.

10. Nenda na karatasi

Kuna mambo yasiyongoja. Anayewaza kufa, apelekwe leo, asiachwe peke yake njiani. Asiyelala siku kadhaa na bado ana nguvu nyingi, anasema haraka, anagawa fedha, leo pia. Mwenye homa anayesinzia na kuamshika kwa shida, au shingo imekakamaa, huyo mbebeni sasa hivi: inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

Mengine yasiyo ya haraka yape wiki mbili za kuandika: saa uliyolala, mara ulizoamka, saa uliyoamka, ulichokunywa jioni, ulivyojisikia mchana. Na shahidi wako aandike upande wake.

Shemeji aliandika kwenye karatasi aliyochana katikati ya daftari la shule la mwanawe, kwa kalamu ya risasi, gizani, mistari imepinda. Jumatatu: 18, 22, 15. Jumanne: 20, 31. Kila namba ni kimya kimoja alichokihesabu. Walipofika hospitali, yaya alianza kueleza kwamba yeye hana tatizo, ni mke wake tu mwenye wasiwasi. Daktari alinyoosha mkono, akaisoma ile karatasi mpaka mwisho, ndipo akamgeukia na kumuuliza kama bado anaendesha.