Vina vya Macho katika Somo la Kiingereza

Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili huingia katika somo la Kiingereza akiwa na kanuni moja imara: irabu ni tano, na kila moja hutamkwa vile vile popote iandikwapo. Basi akiwa amekwisha kulijua neno "home", kisha akalikuta "come" ubaoni, atayatamka yote mawili kwa kina kimoja. Darasa litacheka. Hata hivyo mtoto huyo amefikiri sawasawa. Kilichomponza ni tahajia ya Kiingereza. Mwalimu asiyelitambua hilo humkaripia, na mtoto akaripiwaye kwa kusoma kwa sauti hujifunza kunyamaza.

Maneno ya namna hii twaweza kuyaita yenye vina vya macho, kwani miisho yake hulingana kwa maandishi tu. "Love" husikika karibu na "lav", bali "move" husikika karibu na "muuv". Kundi gumu kuliko yote ni la "-ough". "Cough" na "rough" huishia kwa sauti ya f, lakini irabu zake ni mbalimbali. "Though" huishia kwa "ou", "through" kwa "uu", na "plough" kwa "au". Neno hili la mwisho Kiswahili kimelipokea kwa kufuata sikio, likawa "plau".

Mwanachuo atauliza sababu, na ni haki yake. Hapo kale "gh" ilikuwa sauti halisi ya kooni, karibu na "kh" katika "kheri". Baadaye ilitoweka katika baadhi ya maneno na kugeuka f katika mengine. William Caxton alipoanzisha uchapaji huko Westminster mwaka 1476, irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa bado zinabadilika. Wachapaji wakaikaza tahajia, ilhali matamshi yaliendelea kwenda. Ama "come" na "love", waandishi wa kale walipendelea kuandika o mahali pa u jirani na m, n au v, kwa kuwa mikwaju ya herufi hizo ilichanganya macho.

Darasani tunashauri sikio litangulie jicho. Mwalimu atamke maneno mawili mawili, watoto wakiwa wamefumba macho, nao wanyoshe mkono wasikiapo kina. Ndipo atoe kadi, nazo zipangwe kwa sauti: "come" iwekwe pamoja na "some" na "drum", "home" pamoja na "foam". Watoto hushangaa kuona "drum" katika kundi hilo, na mshangao huo hukumbukwa kuliko kanuni. Matamshi kama "lav" mwalimu ayaandike katika maandalio yake tu. Yakiandikwa ubaoni, yatarudi katika imla.

Wimbo wa Kiingereza ukilinganisha "love" na "move" mwishoni mwa mistari, mwalimu ayasome kama yanavyosemwa leo, bila kulipinda neno moja ili lifuate jingine.