Deki Mbili za VHS: Mbona Picha Zinaruka?

*Nina deki mbili za aina moja. Nazianzisha pamoja kwa rimoti moja. Mbona picha inaruka kila nikihama kutoka deki hii kwenda ile?*

Barua kadhaa zimeuliza hili, nazijibu kwa pamoja. Deki zako haziendi pamoja hata kidogo, na kama kuna muuzaji aliyekushauri ununue mbili za aina moja, alitaka tu kuuza ya pili. Jicho lako linapima sekunde. Miksa ya picha inapima mstari. Picha ya mfumo wa PAL, tuliyoitumia Tanzania na Kenya, ina mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde, yaani mistari 15,625 kila sekunde. Mstari mmoja ni mikrosekunde 64. Ili picha moja ififie ndani ya nyingine, mistari ya deki zote mbili lazima ianze papo kwa papo, na rangi zilingane kwa ukaribu zaidi ya hapo. Hakuna kidole wala rimoti ya kufanya hivyo.

Hata zingeanza sawa, zisingedumu sawa. Silinda ya vichwa ya kila deki huzunguka mara 25 kwa sekunde ikifuata saa yake yenyewe, na kanda huvutika na kutetemeka, hivyo mstari huu hutoka mrefu kidogo, ule mfupi. Televisheni huvumilia hayo, miksa haivumilii. Deki za vituo vya televisheni zina tundu la kupokea kutoka nje mapigo ya kuoanisha picha. Deki ya nyumbani haina, na hakuna waya wa dukani utakaoziba pengo hilo.

Kinachotakiwa ni TBC (time base corrector): kifaa kinachogeuza picha kuwa namba, kinaiweka kwenye kumbukumbu, kisha kinaitoa kwa mapigo thabiti. Kila deki iwe na yake, na zote mbili zifuate chanzo kimoja cha mapigo. Miksa kama Panasonic WJ-MX50 ina kumbukumbu hiyo ndani yake. TBC iliyomo ndani ya baadhi ya deki za nyumbani za S-VHS hunyoosha mistari tu. Haizioanishi deki mbili.

*Je, waya wa LANC hautoshi?*

Hautoshi. LANC huamuru deki ianze, isimame au irudi nyuma. Haigusi mapigo ya picha.

*Nimeuziwa Video Toaster, miksa ya picha ya kompyuta ya Amiga. Itafaa kwa kanda zangu za harusi?*

Irudishe. Kampuni ya NewTek iliitoa mwaka 1990 kwa NTSC, mfumo wa Marekani wa mistari 525, na kanda zako ni PAL. Tena hata huko Marekani, picha ya deki ilibidi ipitie TBC kwanza.

*Fundi anasema TBC itaiokoa kanda iliyoota ukungu.*

Anakudanganya. Na usithubutu kuiingiza kanda hiyo kwenye deki: ukungu utabaki humo na kuhamia kanda nyingine. Mpe mtu anayejua kusafisha kanda.

*Nikiwa na kompyuta bado nahitaji haya yote?*

Kwa kuchanganya picha, hapana. Ingiza kanda moja moja. Zikishakuwa faili, programu ya kuhariri itazipanga. TBC itakufaa wakati wa kuziingiza, ukiona nguzo na milango inapinda au fremu zinapotea na sauti kuachana na midomo. Ila usikawie. Kampuni ya Funai iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016, na vipuri vinaadimika. Anza leo na kanda isiyo na nakala.