Kumlinda Mgonjwa Wetu Hospitalini
Kijitabu cha familia za Lubumbashi

Hapa Lubumbashi mgonjwa halazwi peke yake. Awe katika hospitali ya Sendwe au kwenye kituo cha afya cha mtaani, yupo ndugu anayelala naye, anayemletea bukari na kwenda kumnunulia dawa. Wauguzi hubadilishana zamu, ndugu anabaki. Kazi yake ni kuangalia, na kuuliza kwa heshima kabla jambo halijafanyika.

Jina. Akina Ilunga na Kabamba ni wengi. Chumba kimoja kinaweza kuwa nao wawili. Kabla ya dawa, sindano au damu, taja majina yote ya mgonjwa na umri wake. Sema pia dawa zinazomdhuru, anazomeza nyumbani, hata za mitishamba, na kama ana mimba.

Sindano. Sindano moja, mtu mmoja, mara moja tu. Omba ifunguliwe mbele yako. Mwaka 1976, katika hospitali ya Yambuku, sindano chache zilitumika kwa wagonjwa wengi, zikisuuzwa tu majini. Ebola ikasambaa: watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Dawa. Nunua kwenye duka la dawa linalotambuliwa, si kwenye sinia ya barabarani. Soma jina na tarehe ya mwisho. Kati ya 2014 na 2015, huko Ituri, mamia ya watu, wengi wao watoto, walikakamaa uso na shingo. Vidonge walivyomeza viliuzwa kama diazepamu, kumbe vilikuwa dawa nyingine, haloperidoli. Tunza pakiti mpaka mgonjwa apone, ili daktari aione likitokea jambo.

Seramu. Usizungushe kigurudumu cha mrija ili iishe upesi. Kama imetiwa kwinini, ikiingia kwa kasi yaweza kuvuruga moyo. Mkono ukivimba au mgonjwa akitetemeka, ita muuguzi papo hapo.

Damu. Uliza: imepimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende? Kundi lake linapatana na la mgonjwa?

Mikono. Nawa kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Bomba likikauka, leta bidoni ya maji na sabuni, kisha useme: “Docta, maji ya kunawa haya hapa.” Hakuna atakayeona umemtukana.

Kurudi nyumbani. Msitoke kabla ya kujua dawa zipi zinaendelea, mpaka lini, na dalili zipi zinawarudisha. Mama aliyejifungua akitokwa na damu nyingi, akipata homa, au kichwa kikimuuma sana huku macho yakiona ukungu, mrudisheni usiku huohuo.

Mkiona kosa, lisemeni palepale kwa muuguzi mkuu, bila matusi wala ugomvi. Kosa lililosemwa mapema mara nyingi hurekebishika. Lililofichwa humpata na mgonjwa wa kitanda cha pili.